Kuhesabu watu kwa makaa: namna ya kuchora mkunjo wa idadi ya wenyeji wa Illinois kabla ya 1492

Mwaka 1939 Alfred Kroeber alikadiria kwamba Amerika yote, kaskazini na kusini, ilikuwa na watu milioni 8.4 kabla ya Wazungu kutia nanga. Mwaka 1966 Henry Dobyns akaja na milioni 90 hadi 112. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara kumi kati ya wasomi wawili waliokuwa wanazungumzia bara lilelile. Wote walianzia kwenye takwimu zilizoandikwa baada ya meli kufika, kisha wakarudi nyuma kwa makisio.

Radiokaboni, yaani kupima umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai kwa kaboni-14 iliyobaki ndani yake, inapitia mlango mwingine. Haikuambii watu walikuwa wangapi. Inakuambia walikuwa wanaongezeka au wanapungua, na kuanzia lini. Hoja yake ni nyepesi. Watu wakiwa wengi huwasha moto mwingi, huchimba mashimo mengi ya takataka, na huacha makaa, mbegu na mifupa mingi ardhini. Kusanya mamia au maelfu ya vipimo vya umri kutoka eneo moja, vijumlishe, na utapata mkunjo unaopanda pale shughuli za watu zilipozidi na kushuka pale zilipopungua. John Rick alilijaribu wazo hili kwa pwani na milima ya Peru mwaka 1987, na tangu hapo limekua likawa fani nzima, pamoja na magomvi yake.

Hapa tutatumia jimbo la Illinois, Marekani, kwa sababu ndani yake kuna Cahokia, mji wa wenyeji uliokuwa jirani na mahali palipo St. Louis leo, karibu na Mto Mississippi. Kilima chake kikubwa, Monks Mound, kina kimo cha mita 30 hivi na kilijengwa kwa udongo uliobebwa na watu. Mji ulifikia kilele miaka ya 1100, na kufikia katikati ya karne ya 14 ulikuwa umehamwa. Kwa hiyo tunajua mapema mkunjo unatakiwa kuonyesha nini, na ukijifunza kifaa kipya ni vizuri kuanza na kitu ambacho jibu lake unalijua nusu.

Vifaa

Kompyuta ya kawaida inatosha. Pakua programu R, ambayo ni ya bure, na kifurushi chake cha rcarbon kilichoandikwa na Enrico Crema na Andrew Bevan. Data utaitoa kwenye kanzidata ya p3k14c, iliyotolewa mwaka 2022 ikiwa na vipimo takribani 180,000 kutoka duniani kote. Huhitaji maabara. Kipimo kimoja kipya hugharimu dola mia kadhaa, na hivi tunavyovitumia vimeshalipiwa na wengine.

Hatua ya 1: Jua unasoma namba gani

Kila mstari kwenye data utakuwa na kitu kama 900 ± 40 BP. Wanafunzi wengi hutoa 900 kwenye 1950, wakapata 1050, wakaridhika. Usifanye hivyo.

Ni kweli kwamba BP huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia 1950. Lakini 900 hiyo si miaka ya kalenda. Ni umri wa radiokaboni, yaani tafsiri ya kiasi cha kaboni-14 kilichobaki kwenye sampuli, ikichukuliwa kwamba hewani kaboni-14 ilikuwa ileile siku zote. Haikuwa hivyo. Ilipanda na kushuka kufuatana na jua na nguvu ya sumaku ya dunia. Kwa ajili hiyo wanasayansi walipima miti ambayo pete zake zinahesabika mwaka kwa mwaka, na vitu vingine vyenye umri unaojulikana, wakatengeneza mkunjo wa urekebishaji. Unaotumika sasa kwa kaskazini mwa dunia unaitwa IntCal20. Ukiupitisha 900 ± 40 humo, unapata takribani 1040 hadi 1220 BK. Si mwaka mmoja, ni karibu karne mbili, na ndani yake kuna miaka yenye uwezekano mkubwa na mingine yenye uwezekano mdogo.

Jambo la pembeni: kaboni-14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, lakini maabara zote bado hukokotoa umri wa BP kwa 5,568, namba ya zamani ya Willard Libby. Ni makubaliano tu, na urekebishaji huiweka sawa. Usijaribu kuirekebisha mwenyewe. Utakuwa umesahihisha mara mbili.

Hatua ya 2: Chota data kwa upana kuliko unavyohitaji

Tunataka mwaka 1 BK hadi 1500. Ukichuja vipimo vya kipindi hicho peke yake, pembe zote mbili za mkunjo zitaporomoka, kwa kuwa umeikata mitawanyo ya jirani. Chukua vipimo vyote vya Illinois kati ya 2400 na 300 BP, kisha punguza kipindi wakati wa kuchora.

Hakikisha unabaki na safu hizi: namba ya maabara, umri, kiwango cha kosa, aina ya sampuli, kipimo cha kaboni-13 kama kipo, na utambulisho wa eneo la uchimbaji. Usishangae kuona mahali pa maeneo ya Marekani pametajwa kwa ngazi ya kaunti tu. Pamefichwa makusudi, ili wezi wa mali za kale wasipate ramani ya kuwaongoza.

Je, vipimo vingapi vinatosha? Alan Williams alipendekeza mwaka 2012 angalau 500. Chini ya hapo unaweza kuendelea, ila usitoe maneno makubwa.

Hatua ya 3: Safisha

Hapa ndipo kazi ilipo. Watu hukimbilia kuchora, halafu hutumia muda mrefu kueleza bonde ambalo limetengenezwa na takataka za data.

Anza na marudio. Kipimo kimoja huweza kuandikwa mara mbili katika kanzidata mbili, mara nyingine kikiwa na kistari kwenye namba ya maabara na mara nyingine bila kistari. Panga kwa namba ya maabara (ISGS ni maabara ya Illinois yenyewe, AA ni Arizona, OxA ni Oxford) na ondoa pacha.

Kisha ondoa vipimo vyenye kosa kubwa. Mimi hukata juu ya miaka 100. Kipimo cha 1960 chenye ± 200 kinatandaza uwezekano wake karne nyingi na hakikuambii kitu.

Sasa mahindi. Eneo hili ni nchi ya mahindi, na watu wa Cahokia waliyalima. Punje moja iliyoungua ni sampuli nzuri mno, kwa kuwa iliishi msimu mmoja tu. Lakini mahindi, kama mtama na miwa, hufyonza kaboni kwa njia tofauti na miti. Huchukua kaboni nzito kwa wingi zaidi, pamoja na kaboni-14. Maabara ya leo hupima kaboni-13 na kusahihisha. Vipimo vingi vya zamani havikusahihishwa, na matokeo yake punje huonekana changa kuliko ilivyo. Hesabu yake ni hii: kwa kipimo cha kaboni-13, miti huwa karibu na −25 kwa elfu, mahindi karibu na −10, na kila moja ya hizo 15 za tofauti hubeba takribani miaka 16. Jumla ni kama miaka 240. Ipeleke hesabu hiyo Cahokia uone: punje ya mwaka 1150, wakati mji umejaa, inasukumwa hadi karibu na 1400, wakati mji umeshahamwa. Vipimo ishirini vya namna hiyo vinatosha kukuundia watu ambao hawakuwepo. Kwa hiyo, kila kipimo cha mahindi kisicho na thamani ya kaboni-13, na ambacho ripoti yake haisemi kilisahihishwa, kitoe. Mifupa ya watu na mbwa waliokula mahindi ina tatizo hilohilo.

Makaa ya mti nayo yana ujanja wake. Radiokaboni hupima wakati pete ile ya mti ilipoota, si siku kuni zilipotiwa motoni. Moyo wa mti wa miaka 300 ulioungua mwaka 1100 utasoma 800. Huko jangwani Arizona hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa mti mkavu hukaa karne nyingi bila kuoza na bado watu huuokota kuni. Illinois yenye unyevu ni afadhali. Ukiwa na data ya kutosha, chora mkunjo mmoja kwa vipimo vyote na mwingine kwa mbegu, punje na maganda ya kokwa pekee. Vikifanana, endelea kwa amani.

Makome na mifupa ya samaki achana nayo, kwani maji ya mito na maziwa hubeba kaboni kongwe.

Hatua ya 4: Wapunguzie sauti wanaopiga kelele

Eneo moja likichimbwa na chuo kikuu chenye fedha linaweza kuwa na vipimo 80. Kijiji cha jirani, ambacho kilikuwa na watu haohao, kina kimoja. Ukijumlisha hivihivi, unachora bajeti ya chuo.

Suluhisho ni mafungu. Ndani ya kila eneo la uchimbaji, vipimo vinavyokaribiana kwa miaka 100 hukusanywa fungu moja, na fungu zima huhesabiwa kama sauti moja. Kazi hiyo hufanywa na amri ya `binPrep` ndani ya rcarbon. Miaka 100 si sheria. Jaribu 50 na 200 uone kama umbo linabadilika. Likibadilika sana, hilo ni jibu tayari.

Ila mafungu hayatibu upendeleo wa ngazi ya jimbo. Maeneo mengi ya karibu na Cahokia yalichimbwa miaka ya 1970 na 1980 kwa sababu barabara kuu iliyoitwa FAI-270 wakati huo, leo I-255, ilikuwa inapita hapo, na sheria ya Marekani ya 1966 ya kuhifadhi mali za kihistoria iliwalazimu wajenzi kuchunguza kwanza. Wyoming nako kumejaa vipimo kwa ajili ya mafuta, gesi na makaa ya mawe, si kwa ajili ya wingi wa watu wa kale. Ndiyo maana usilinganishe urefu wa mkunjo wa Illinois na wa Wyoming. Linganisha umbo.

Hatua ya 5: Rekebisha na jumlisha

```
library(rcarbon)
d <- read.csv("illinois.csv")
k <- calibrate(d$Age, d$Error,
               calCurves = "intcal20", normalised = FALSE)
b <- binPrep(d$SiteID, d$Age, h = 100)
s <- spd(k, bins = b, timeRange = c(1950, 450), runm = 50)
plot(s, calendar = "BCAD")
```

Zingatia `normalised = FALSE`. Ukiacha programu ilazimishe kila kipimo kijumlike kuwa 1, utapata miiba mirefu pale mkunjo wa IntCal20 unaposhuka kwa kasi. Miiba hiyo huvutia macho, na si watu. Namba 1950 na 450 ni miaka kabla ya 1950, yaani mwaka 1 BK hivi hadi 1500. Na `runm` hulainisha mkunjo kwa wastani wa miaka 50, kwa kuwa hakuna anayeweza kutetea mtikisiko wa miaka kumi kwa data ya aina hii.

Hatua ya 6: Usiamini macho yako

Mkunjo sasa uko mbele yako, una vilele na mabonde, na akili yako imeshaanza kutunga hadithi. Subiri. Mkunjo wowote wa radiokaboni una mawimbi, hata ule wa watu waliokuwa wanaongezeka taratibu bila tukio lolote, kwa sababu IntCal20 yenyewe ina mawimbi.

Stephen Shennan na wenzake, wakifanyia kazi Ulaya ya wakulima wa kwanza mwaka 2013, walitumia njia ambayo leo ni ya kawaida. Chukua mfano rahisi, tuseme ongezeko la kadiri moja. Iambie kompyuta itengeneze data bandia za mfano huo, idadi ileile ya vipimo na makosa yaleyale, mara elfu moja. Kila mara zirekebishwe na kujumlishwa kama zako. Mikunjo hiyo elfu inaunda utepe. Mkunjo wako ukibaki ndani ya utepe, huna cha kusema. Ukitoka juu au chini, hapo una jambo.

```
m <- modelTest(k, errors = d$Error, bins = b, nsim = 1000,
               timeRange = c(1950, 450),
               model = "exponential", runm = 50)
plot(m, calendar = "BCAD")
summary(m)
```

Palipozidi utepe hupakwa nyekundu, palipopungua buluu. Kwa Illinois, tazama hasa miaka ya 1000 hadi 1400. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 na Robert Kelly na wenzake, uliogawa Marekani kwa mabonde ya mito, ulikuta kwamba kwa jumla idadi ya wenyeji ilifika kilele karibu na 1150, kisha ikashuka, karne kadhaa kabla ya Columbus. Kilele chako kikianguka mbali sana na hapo, rudi hatua ya 3 kabla hujaandika kwamba umegundua kitu.

Ukitaka kujua kama Illinois ilienda njia yake au ilifuata majirani, tumia `permTest`. Yenyewe huchanganya majina ya maeneo kwa bahati nasibu na kuangalia kama tofauti unayoiona ingeweza kutokea hivihivi.

Kuna wanaosema njia yote hii ya kujumlisha ni dhaifu, kwa kuwa huchanganya mambo mawili: kutokuwa na uhakika wa kila kipimo, na mtawanyo halisi wa matukio. Wana hoja. Wengi wao hutumia sasa mifano ya Bayes, yaani ya kitakwimu inayoanza na makisio na kuyasahihisha kwa data, kwa mfano kupitia kifurushi cha nimbleCarbon. Anza na hii ya kujumlisha, ila jua haijafika mwisho wa barabara.

Hatua ya 7: Mwisho wa mkunjo ndio wenye uongo mwingi

Kwa bahati mbaya ndio pia kila mtu anaoutaka, kwa sababu unagusa kufika kwa Wazungu.

Kuanzia karibu 1650 IntCal20 inacheza mahali pamoja. Kipimo cha 200 ± 30 BP kinaweza kuwa cha nusu ya pili ya karne ya 17, cha karne ya 18, cha mwanzo wa karne ya 19, hata cha karne ya 20. Zaidi ya hapo, mwanaakiolojia akikuta shanga za kioo au risasi ya bunduki hana sababu ya kulipia radiokaboni. Vitu vyenyewe vinampa tarehe. Kwa hiyo vipimo hupungua katika kipindi hiki hata kama watu hawakupungua. Nilisimamisha mkunjo kwenye 1500 kwa ajili hiyo. Anayeuburuta hadi 1800 na kusema "tazama, walikuwa wameshaisha" anapima mazoea ya wachimbaji.

Kasoro kama hiyo inaweza kutokea hata karne za kati. Nenda kusini-magharibi mwa Marekani, kwenye Mesa Verde, ambako Wapueblo walihama mwishoni mwa karne ya 13 wakati wa ukame mkubwa wa 1276 hadi 1299. Boriti za paa za nyumba zao zimedumu, na kwa pete za miti wanaakiolojia hupata mwaka kamili ambao mti ulikatwa. Nani atalipia radiokaboni ampate karne mbili wakati ana mwaka mmoja? Ndiyo maana mkunjo wa radiokaboni huwafanya watu wa huko waonekane wachache kuliko walivyokuwa, hasa wakati wa kilele chao.

Hatua ya 8: Tafuta shahidi ambaye hakuongea na wa kwanza

Karibu kabisa na Cahokia kuna ziwa la Horseshoe. A. J. White na wenzake walichimba tope la chini yake na kupima stanoli za kinyesi cha binadamu, kemikali ambazo mvua huzisomba kutoka makazini hadi ziwani. Tope halijui barabara ilipita wapi wala chuo gani kilikuwa na fedha. Lilionyesha kilele, kisha kushuka hadi karibu na 1400, jambo linalokubaliana na makaa. Lakini lilionyesha pia kitu ambacho simulizi ya "mji uliopotea" huwa inakiruka: kuanzia miaka ya 1500 watu waliongezeka tena katika bonde hilo, wakiwemo watu wa Muungano wa Illinois ambao Wafaransa waliwakuta karne ya 17.

Jambo hilo lina uzito katika uandishi. Ukisema idadi ilishuka kabla ya 1492, kuna atakayesoma kwamba ukoloni haukuwa na hatia. Mkunjo unasema walipanda, wakashuka, na sehemu nyingine walikuwa wanapanda tena magonjwa, vita na kufukuzwa vilipowakuta. Weka sentensi hiyo ndani ya maelezo ya mchoro wenyewe, kwa sababu mchoro husambaa bila makala.

Ukifikia hatua ya kutaka vipimo vipya, mifupa ya watu usiiguse bila ridhaa ya wenyewe. Tangu 1990 sheria ya Marekani iitwayo NAGPRA inazitaka taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kushauriana na mataifa ya wenyeji kuhusu mabaki hayo. Wenyewe wapo. Watu wa Osage, ambao wanajihesabu kuwa na asili huko, walinunua kilima cha Sugarloaf mjini St. Louis mwaka 2009.

Ukitaka kurudia zoezi hili Kongo

Msomaji wa Kisangani au Bukavu ana sababu ya kujaribu karibu na kwao. Mwaka 2021 Dirk Seidensticker na wenzake walichapisha uchambuzi wa vipimo 1,149 kutoka maeneo 726 ya msitu wa Kongo na pembezoni mwake, vikiunganishwa na mitindo 115 ya vyungu. Walikuta vipindi viwili vya shughuli nyingi, na katikati yake, kati ya 400 na 600 BK, watu walipungua sana katika eneo kubwa. Maana yake ni kwamba wanaozungumza lugha za Kibantu humo leo si lazima wawe wajukuu wa walioingia msituni kwanza.

Vipimo vya eneo hilo viko wazi katika kanzidata iitwayo aDRAC. Hatua ni zilezile, ila badilisha mambo mawili. Kwanza, ikweta inapokea hewa ya kaskazini na ya kusini, hivyo tumia `mixCurves` kuchanganya IntCal20 na SHCal20, mkunjo wa kusini mwa dunia, na ujaribu viwango tofauti vya mchanganyiko. Pili, jihadhari na mwanzo wa mkunjo: kati ya 800 na 400 KK urekebishaji umelala kama uwanda, kiasi kwamba 2450 ± 40 BP inatoa popote kati ya 755 na 410 KK. Huwezi kusema nani alitangulia nani ndani ya karne hizo kwa radiokaboni peke yake. Wao waliegemea vyungu, na wewe fanya hivyo: bakiza safu ya mtindo wa chungu, chora mkunjo wa kila mtindo mkubwa, na uone kama bonde la 400 hadi 600 linabaki pale unapotoa mtindo mmoja baada ya mwingine.